Naomba ushauri: virusi niviweke duara gani?

Ndugu zangu, niko Jinja, namsaidia mdogo wangu baiolojia, na jana kanikwamisha. Nilimchorea maduara mawili sakafuni kwa mkaa, moja kwa kila aina ya seli. Bakteria ni prokarioti, DNA yake haina kiini cha kuifunika. Seli ya muhogo, au ya shavu lako, ni yukarioti, ina kiini chenye utando, na mitokondria, yaani vichembe vinavyoipa seli nishati. Ribosomu, vichembe vya kutengeneza protini, seli za aina zote mbili zinazo. Hayo aliyashika upesi.

Akauliza, "Na virusi vya Zika, vilivyogunduliwa mwaka 1947 kwenye msitu ule karibu na Entebbe, duara gani?" Nikamwambia hakuna, si seli; ni vinasaba ndani ya ganda la protini, havizaliani mpaka viingie ndani ya seli.

"Kwa hiyo vimekufa?"

Nikanyamaza. Walimu, nyinyi huwa mnajibuje hapo?