Thomu, isabgol, mchele mwekundu au chakula: kipi hushusha kolesteroli?

Mkaazi wa Kibokoni
Assalaam aleikum. Mamangu, mwenye miaka 58, amepimwa na kukutwa na LDL (kolesteroli mbaya) ya 4.2 mmol/L, na daktari amempa miezi mitatu ya kurekebisha chakula kabla ya kuamua kama atamwanzishia statini, yaani dawa ya kushusha kolesteroli. Jamaa wamekwisha kumletea vidonge vya thomu (kitunguu saumu), isabgol (maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi), na kopo la mchele mwekundu uliochachushwa. Sipendi ameze vyote kwa pamoja, kwa hivyo naomba tuvilinganishe kwa ushahidi.

Mfamasia wa Ganjoni
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Thomu iacheni jikoni. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watu 192 thomu mbichi au vidonge vyake kwa miezi sita, na LDL haikushuka. Mwaka 2022, katika utafiti wa watu 190 uliodumu siku 28, miligramu 5 tu za rosuvastatini zilishusha LDL kwa takriban asilimia 38, ilhali thomu, mdalasini, manjano, mafuta ya samaki, steroli za mimea (vitu vya mimea vinavyofanana na kolesteroli) na mchele mwekundu havikupita kidonge kisicho na dawa. Ni haki niseme pia kwamba utafiti huo ulilipiwa na kampuni inayotengeneza statini hiyo, na kwamba siku 28 ni chache.

Isabgol ni jambo jingine. Gramu 7 hadi 10 kwa siku hushusha LDL kwa takriban asilimia 5 hadi 10, kwa kuwa maganda yake hugeuka utelezi tumboni, yakashika asidi za nyongo na kutoka nazo, hata ini likalazimika kuchota kolesteroli kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine.

Mama Kisauni
Mwanangu, kopo hilo la mchele mwekundu usimpe mamako bila ya daktari kujua. Mimi niliutumia pamoja na statini, nikidhani ni chakula tu, mpaka misuli ya mapaja ikaniuma nisiweze kupanda ngazi.

Mfamasia wa Ganjoni
Pole sana, Mama. Monakolini K iliyomo humo ndiyo lovastatini yenyewe, kwa hivyo ulikuwa ukimeza statini mbili. Kiasi chake hutofautiana kopo kwa kopo, na mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliamuru kipimo cha siku kiwe chini ya miligramu 3.

Msomaji wa Likoni
Naona tunasahau sufuria. Mwaka 2003 David Jenkins na wenzake wa Toronto waliwagawa watu 46 katika makundi matatu kwa mwezi mmoja. Waliokula chakula chenye mafuta mabaya machache walishusha LDL kwa asilimia 8, waliomeza lovastatini pamoja na chakula hicho asilimia 30.9, na waliokula soya, lozi, steroli za mimea na nyuzinyuzi za shayiri, isabgol, bamia na biringani asilimia 28.6. Bamia na biringani zimejaa soko la Kongowea! Hakuna kimoja kilichofanya kazi hiyo peke yake. Vilipangwa pamoja, kila siku, na hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa.

Kuna neno moja gumu kwa sisi watu wa pwani. Mbaazi zenyewe ni nzuri, lakini tui zito lina mafuta yanayopandisha LDL kuliko mafuta ya alizeti. Mpikieni za nyanya, na za nazi zibaki za siku moja moja.

Mkaazi wa Kibokoni
Ahsanteni. Mchele mwekundu nimeuondoa, na bamia na shayiri tunaanza kesho. Je, isabgol inaweza kumezwa pamoja na dawa yake ya presha?

Mfamasia wa Ganjoni
Hapana, aziachanishe kwa saa mbili, kwa sababu utelezi ule unaweza kuzuia dawa isifyonzwe vizuri. Aanze na kijiko kimoja kidogo, akikoroge katika gilasi nzima ya maji na kukinywa papo hapo, kabla hakijaganda.