Futari, damu, wazee au vyoo vya skuli: kikundi chetu kishike lipi?

Kijana_Mpendae:
Assalaam alaykum waungwana. Sie ni vijana wa mtaa mmoja hapa mjini Unguja, thelathini hivi, wake kwa waume. Kila mwezi mtu anatoa elfu tano, na tumekubaliana kuwa pesa hizi si za upatu wala si za harusi za wanachama, ni za kusaidia watu. Kwa mwaka zinafika kama milioni moja na laki nane. Si haba, ila ukizigawa vipande vipande hazionekani. Tunabishana wapi tuzipeleke, na mikono yetu pia, maana wengi Jumamosi na Jumapili tuko huru.

Yaliyopendekezwa: kufutarisha na kugawa vyakula Ramadhani, kwenda nyumba ya wazee, Sebleni au Welezo, kwa kuwa ni karibu, kuchangia damu tu na pesa zibaki, kutengeneza vyoo vya skuli moja Pemba anakotoka mwenzetu, na kuandaa mbio za hisani, faida tuipe jumuiya ya watu wenye ulemavu.

Mie moyo wangu uko kwenye vyoo, kwa sababu nimeviona. Vya wasichana ni viwili. Mlango mmoja umeng'oka, umeegeshwa ukutani. Wa pili hauna komeo, una kamba, na mtoto akiingia mwenzake husimama nje akaishika. Maji yanaletwa kwa ndoo kutoka kisimani. Lakini sitaki kuwaburuza wenzangu. Nipeni hoja.

Nesi_wa_Zamu:
Wa alaykum salaam. Nakuomba damu usiiandike "tu". Nafanya kazi wodi ya wazazi na nimeshaona mama anatokwa na damu baada ya kujifungua, mume anazunguka nje na simu anatafuta ndugu wa kumchangia. Saa ile hakuna pesa inayosaidia. Inayosaidia ni chupa iliyokwisha kupimwa, iliyomo kwenye friji.

Hesabu yake iko hivi. Mwanamme anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne, awe na miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Kila mara ni kama mililita 450. Mkiwa wanaume ishirini na wanawake kumi, na nyote mkakubalika, ni chupa 110 kwa mwaka. Hamtakubalika nyote: kuna atakayekutwa na damu chache, kuna mjamzito, kuna anayenyonyesha. Basi tuseme nusu. Chupa hamsini na kitu bila ya kugusa hata shilingi ya mfuko wenu. Na kila damu inapimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende, kwa hiyo mchangiaji naye anajua hali yake.

Jambo moja vikundi vingi hawaliangalii: wanakuja wote siku moja na fulana zao, halafu kimya mpaka mwakani. Damu haikai, chembe nyekundu zinadumu wiki tano hadi sita. Jigaweni makundi manne au matano, kila mwezi kundi moja liende. Na Ramadhani, ambapo watu wamefunga na wachangiaji wanapungua, panga watu waende usiku baada ya taraweh, ila kwanza zungumzeni na watu wa Benki ya Damu wawape muda.

Ukhti_Mtoni:
Nesi ahsante, umesema la maana. Mie nizungumzie wazee maana nimekuwa nikienda na wenzangu wa madrasa.

Nyumba za wazee zinapata wageni, khasa Ramadhani na siku za Idi. Mchele, sukari, sabuni, vinakuja kwa wingi katika mwezi mmoja. Lakini nendeni mwezi wa Safar au wa Rajab, hamkuti mtu. Kwa hiyo mkiamua wazee, msianze na gunia. Mwanzo nendeni mikono mitupu mumuulize mlezi nini kimepungua. Mara nyingi utajibiwa vitu ambavyo havimo kwenye fikra ya mtu anayenunua sadaka dukani: nepi za watu wazima, mashuka, dawa ya kuchua, mtu wa kukata kucha.

Hilo la kucha nalieleza. Kucha za miguu za mzee aliyekaa kitandani zinakuwa nene, zinajikunja, mkasi wa kawaida hauingii. Unamuwekea beseni la maji ya vuguvugu, miguu inakaa mpaka ilainike, unakata kidogo kidogo kwa pembeni, huku anakuhadithia karafuu za shamba la baba yake. Akiwa na sukari humgusi mpaka muuguzi akuruhusu, maana kidonda cha mguu kwake ni hatari. Mzee mmoja anaweza kukuchukua saa nzima. Pesa yake ni ya mkasi na beseni, lakini watu thelathini wa Jumamosi wana kazi ya mwaka mzima hapo.

Na kabla hamjafika Sebleni, tazameni mtaani kwenu. Kuna wazee wanaoishi peke yao vyumba vya uani, hawamo katika nyumba yoyote ya kulelewa. Pencheni Jamii ilipoanza Aprili 2016, kila aliyefika miaka 70 alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi, tajiri na masikini. Ni jambo kubwa, lakini pencheni haimchotei mtu maji wala haimpeleki hospitali. Sheha wenu, yaani kiongozi wa Serikali hapo mtaani, anawajua wazee hao mmoja mmoja. Muulizeni.

Mhasibu_Mstaafu:
Naunga mkono kila kitu isipokuwa mbio. Ndugu yangu, mbio za hisani zinataka mtaji: kibali, polisi wa kuzuia barabara, gari la wagonjwa, maji, fulana, namba za kifuani. Hizo zote unalipa kabla mtu wa kwanza hajajiandikisha. Kwa kikundi chenye milioni moja na laki nane ni kuuweka mfuko mzima rehani. Wenye wafadhili wakubwa wanaweza.

Kama mnataka kuchangisha zaidi ya elfu tano zenu, uzeni biriani kwa oda. Mnachukua oda na pesa mapema, mnajua sahani ngapi, mnapika Ijumaa, hamna hasara. Au bonanza la mpira, timu zilipe kiingilio. Jumuiya kama Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, ambao upo tokea 1985, hawatakataa pesa ya biriani kwa sababu haikupatikana kwa mbio. Ila nao waulizeni kwanza wanataka nini. Pengine wanataka mtu wa kuwatengenezea hesabu za kompyuta kuliko hundi.

Na fungueni akaunti ya kikundi, Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ) au kwengineko, yenye watia saini watatu wasiotoka nyumba moja. Pesa zisilale kwenye simu ya mtu, hata awe mwaminifu vipi. Akifariki ghafla, warithi wake watazikuta wakidhani ni zake. Kila mwisho wa mwezi mtu asome kwenye kundi la WhatsApp: kilichoingia, kilichotoka, makato ya kutuma, risiti na picha yake.

Mkaazi_Muscat:
Hilo la risiti ndilo linalotuzuia sisi tulio nje. Tupo wengi tunaotaka kuchangia nyumbani, na tunapelekewa picha za watoto wameshikishwa madaftari, wanatazama chini. Mie sitaki picha ya mtoto wa mtu. Nipeni picha ya risiti ya saruji na ya mlango uliokwisha kufungwa, nitatoa na nitawaambia wenzangu.

Maalim_wa_Barza:
Wanangu, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nina neno la tahadhari juu ya pesa zenyewe. Baadhi ya watu wakisikia mnasaidia watawaletea zaka zao. Zaka ina watu wake wanane, wametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, na wanavyuoni wengi hawaruhusu kujengea skuli wala choo kwa zaka. Sadaka ndiyo ina nafasi hiyo. Kwa hiyo anayeleta aulizwe ni nini, na mhasibu wenu aandike mafungu mawili yasichanganyike. Fitri nayo ni pishi ya chakula kwa kila kichwa, kiasi cha kilo mbili na nusu za mchele, na imfikie masikini kabla ya sala ya Idi. Ikimfikia baada ya sala, ni sadaka kama sadaka nyengine.

Kufutarisha kuna thawabu kubwa na simkatazi mtu. Lakini msiniletee meza ndefu ya kuwalisha watu walioshiba majumbani mwao. Tazameni jamaa wa wagonjwa waliotoka mashamba au Pemba, wanaolala hospitali na mgonjwa wao. Magharibi inawakuta na chupa ya maji. Vyungu viwili vya muhogo wa nazi, tende na uji, mkiomba ruhusa kwa uongozi wa hospitali, vinawatosha wengi.

Baharia_Mkokotoni:
Mmesahau bahari. Kupanda mikoko ni kazi ya mikono, pesa kidogo. Ila mfuateni mtu wa pale pale anayejua mikoko ilikuwepo wapi zamani. Ukipanda kwenye uwanda ambao haujapata kuwa na mikoko, miche inakufa na umeharibu majani ya bahari wanamozaa samaki. Na mrudi kuitazama, msipande mkaondoka.

Mpemba_wa_Mtambwe:
Kijana wa Mpendae, mie niko huku Pemba na ni mjumbe wa kamati ya skuli, si hiyo unayoisema, lakini hali nazijua. Nakuunga mkono kwa vyoo, kwa sharti.

Huku sisi tumezoea wananchi kunyanyua kuta za madarasa kwa nguvu zao na Serikali ikaja kumalizia. Wazee wetu wamejenga hivyo. Ubaya wake ni kuwa kuta nyingi zimefika lenta, ule ukanda wa zege juu ya milango na madirisha, zikasita, na mvua inazila. Kwa hiyo msije kujenga vyoo vipya. Kwa milioni moja na laki nane mtafika lenta mtakwama. Tengenezeni vile vilivyopo: milango, makomeo ya ndani, tangi la maji na bomba lake, ndoo yenye kifuniko ya taka za hedhi kwa wasichana wakubwa, na pahala pa kuchomea taka hizo. Msichana akikosa pahala pa kujistiri siku zake, anabaki nyumbani.

Pili, msimpitie mwalimu mkuu peke yake. Andikeni barua kwa kamati ya skuli, nakala kwa sheha na ofisi ya Wizara ya Elimu huku Pemba. Ikiwa wizara ina mpango wa kuvibomoa mwakani, mtajua mapema.

Tatu, msibebe saruji kutoka Unguja. Nauli ya mzigo wa meli mpaka Mkoani, kisha gari, itakula pesa ya milango miwili. Chake na Wete maduka yapo, na mafundi wa hapa watapata riziki. Mchanga nao unataka kibali, muachieni sheha.

Ukhti_Mtoni:
Naona mnaelekea Pemba. Sikatai, lakini vijana thelathini hawawezi kupanda meli kila Jumamosi. Pesa ziende huko, mikono ibaki kwa wazee.

Kijana_Mpendae:
Ukhti, hilo ndilo lililotukuta jana kwenye kikao. Pesa za miezi sita ziende kwenye milango, makomeo na tangi. Damu kwa makundi matano, la kwanza linakwenda mwezi huu. Wasioweza kutoa damu wao ni wa kwanza kwa wazee, tukianzia mtaani, na nimeshamuomba Sheha majina. Mbio tumeziacha. Futari bado tunabishana, ila neno la Maalim kuhusu jamaa wa wagonjwa limewagusa wengi. Mkaazi wa Muscat, nambari ya akaunti utaipata kwa faragha ikishafunguliwa.

Mpemba_wa_Mtambwe:
Kama ni miezi sita, kazi ya fundi iishe kabla ya masika, kwani kuanzia Machi plasta haikauki na gari la mchanga linazama. Mwenzenu wa kijijini akapime fremu, si mlango, maana fremu za zamani hazilingani na milango inayouzwa sasa. Anitumie upana na urefu wa kila moja, nitamuuliza seremala wa Wete bei ya mninga na ya mvinje tulinganishe.