Kupima upweke wa wazee wanaoishi majumbani: nitumie kipimo kipi?

Dodoso_Tanga: Salaam wakuu. Tunaandaa utafiti wa kaya kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea. Dodoso limejaa, nafasi iliyobaki ni ya maswali sita. Kati ya vipimo vya upweke, nichukue UCLA ya maswali 3 au De Jong Gierveld ya 6? Mwenzangu anashauri tuhesabu tu wanaoishi peke yao.

Takwimu_tu: Huyo mwenzako anapima kitu kingine. Bibi mwenye wajukuu watano ndani anaweza kuwa mpweke kuliko jirani anayelala peke yake. Ukitaka kujua mzee ana watu wangapi, ipo Lubben ya maswali 6: alama 0 hadi 30, chini ya 12 ni dalili ya kukosa watu. Upweke wenyewe ni vile mzee anavyouona uhusiano alionao.

UCLA fupi inauliza ni mara ngapi anakosa mwenza wa kuwa naye, anajiona ameachwa kando, anajiona yuko mbali na watu. Majibu: nadra (1), mara moja moja (2), mara nyingi (3). Jumla ni 3 hadi 9, na wengi humhesabu mpweke anayepata 6 au zaidi. Swali likirukwa usijaze 0, maana alama hiyo haimo kwenye kipimo.

Mama_Data: Mimi ningechukua De Jong Gierveld, kwa sababu inatenganisha pengo la moyoni na uhaba wa watu wa kutegemea. Mjane mwenye watoto wengi wanaomjali huonekana kwenye sehemu ya kwanza tu.

Ila kuweka alama ndiko kunakoharibu kazi. Maswali matatu ya moyoni: "ndiyo" na "kiasi" hupata 1. Matatu ya watu yameandikwa kwa upande mzuri, kwa hiyo "hapana" na "kiasi" ndiyo hupata 1. Ukisahau kugeuza, mwenye watu tele anatoka mpweke.

Dodoso_Tanga: Shukrani, dada. Na swali la moja kwa moja, "Je, wewe ni mpweke?"

Takwimu_tu: Liweke mwisho, lisisimame peke yake. Wengi, hasa wanaume, hukana kwa aibu. Ofisi ya takwimu ya Uingereza huuliza ni mara ngapi mtu anajisikia mpweke, pamoja na yale matatu ya UCLA.

Mama_Data: Na msaili asiulize mkwe akiwa amekaa pembeni. Mzee atasema "nashukuru Mungu, wananitunza vizuri" kwa kila swali. Dodoso liwe na kisanduku cha kuandika nani alikuwepo.