Naomba ushauri: babu kibarua aliyeandikwa "Ireland" tu, ukoo wa Durkin

Mama Wawili
Wakuu, habari za leo. Nimeolewa huku Manchester, na ukoo wa mume wangu ni Durkin. Mwanangu kapewa kazi shuleni ya kuchora mti wa ukoo. Upande wangu wa Tanga nilimpigia shangazi tu, akanimwagia majina hadi nikamwomba apumzike. Upande wa baba yake tumekwama. Baba mkwe anachojua ni kwamba baba wa babu yake alitoka Ayalandi, akawa kibarua kwenye mfereji wa meli wa Manchester. Nimempata kwenye sensa ya 1891: Patrick, miaka 38, kibarua, kazaliwa "Ireland". Basi. Mkewe hivyo hivyo. Akina Patrick Durkin mtandaoni ni utitiri. Na mume wangu kaona duka linauza ngao ya ukoo wa Durkin ndani ya fremu, anataka kununua. Nianzie wapi?

Kipanga
Mwambie shemeji aweke hela mfukoni. Ngao hupewa mtu na wazao wake, haigawiwi kwa kila mwenye jina. Huyo mzee alikuwa na koleo.

Mzee wa Makabrasha
Dada, usikimbilie Ayalandi kwanza. Kijiji chake huenda kimeandikwa hapo hapo Uingereza.

Mfereji ulichimbwa 1887 hadi 1894, kwa hiyo mwaka wako unakubali. Sasa tafuta sensa ya 1911. Safari hiyo karatasi zilizojazwa na wenye nyumba wenyewe ndizo zilizohifadhiwa, na waliozaliwa Ayalandi nao walitakiwa kutaja kaunti na mji au parokia. Maktaba nyingi za umma zina usajili wa tovuti za nasaba, unatumia bure ukiwa mle ndani.

Kisha cheti cha ndoa, kitakupa jina la baba yake na kazi yake. Ila usiishie kwenye cheti cha serikali. Kama walifunga ndoa Kanisa Katoliki, omba kitabu cha parokia. Mara nyingi ni Kilatini, Patrick anakuwa Patritius, na baadhi ya mapadri waliandika wazazi wanaishi wapi. Angalia pia wasimamizi wa ubatizo wa watoto wote. Watu wa kijiji kimoja walisimamiana ugenini.

Jina lenyewe ni Mac Duarcáin. "Mac" ni mwana wa. Ilidondoka majina yalipoandikwa Kiingereza. Durkin, Durcan na Durkan ni walewale, karani aliandika alivyosikia, kwa hiyo tafuta yote. Kwao ni mashariki ya Mayo na kusini ya Sligo, kaunti za magharibi ya Ayalandi.

Kipanga
Mayo inaingia akilini. Watu wa kule walikuwa wakivuka kila mwaka kwenda kuvuna Uingereza, wengine wakabaki. Michael Davitt, yule mtetezi wa wakulima, ni wa Straide, Mayo. Familia yake ilifukuzwa kwenye shamba 1850 ikaishia Haslingden, Lancashire, si mbali na ulipo. Mwaka 1857, akiwa na miaka 11, mashine ya kiwanda cha pamba ikamponda mkono, ikabidi ukatwe.

Mama Wawili
Asanteni sana. Nimepata ya 1911! Kaandika "Mayo, Swinford", Durcan kwa C. Sasa sensa za Ayalandi za wakati wa utoto wake ziko wapi? Naona zinaanzia 1901.

Mzee wa Makabrasha
Hazipo. Za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua kwenye hifadhi ya nyaraka iliyokuwa Four Courts, jengo la mahakama Dublin, Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilizichana, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Cheti cha kuzaliwa nacho usikihangaikie, usajili wa vizazi vyote ulianza 1864 na yeye ni wa 1853 hivi.

Vitabu vya parokia vya Kikatoliki vipo bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ayalandi. Tazama dayosisi ya Achonry, parokia zinazozunguka Swinford. Ukishajua jina la baba, fungua orodha ya wapangaji wa ardhi ya Griffith, ya 1847 hadi 1864. Humo usimtafute Patrick, alikuwa bado mtoto. Tafuta baba yake, na uandike majina ya majirani zake wote, kisha uyalinganishe na wale wasimamizi wa ubatizo wa Manchester.