Naombeni ushauri: mtoto achanjwe mafua mwezi gani huku Dar?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za saa hizi. Nina mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu. Miaka miwili mfululizo, masika ikikolea tu mafua yanamshika: makamasi, kifua kinapiga filimbi, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Mwezi Mei tulilazwa siku tatu, akawekewa oksijeni. Sitaki kuiona tena ile hali. Kipupwe kilipoingia akaumwa tena, ila kidogo.

Nilishampa antibayotiki za duka la dawa, hazikusaidia. Daktari akanieleza kwamba haziui virusi, akashauri chanjo ya mafua. Hapo ndipo nilipokwama. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza aina za virusi za kuwekwa kwenye chanjo mara mbili kwa mwaka: Februari kwa majira ya baridi ya kaskazini mwa dunia, Septemba kwa ya kusini mwa dunia. Sisi wa nchi za joto virusi hivi tunavyo karibu mwaka mzima, vinapanda na kushuka. Tena mtoto wa umri wake, mara ya kwanza huchomwa dozi mbili, wiki nne katikati, kwa hiyo nikichelewa mvua itanikuta.

Wauguzi, madaktari na wazazi mliopitia haya: nianze mwezi gani ili masika imkute na kinga, na niombe chanjo ya kusini au ya kaskazini? Na kwa kuwa chanjo hii haizuii RSV (virusi vingine vinavyobana kifua cha watoto), kifua kikianza kubana usiku, dalili ipi iniambie nisisubiri asubuhi?