Tupeane uzoefu: mashine ya bei nafuu ya kutotolesha vifaranga nyumbani

Morogoro (mwenye mada)
Heshima kwenu wakuu. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Kihonda. Mayai yapo, ila mitetea inapishana kuatamia, vifaranga wanatoka kwa mafungu ya rika tofauti, hata chanjo ya kideri inakuwa shida kuipanga. Natafuta mashine ndogo ya mayai 50 hadi 100, bajeti isizidi laki tatu. Kila muuzaji anasema yake ndiyo bora. Naomba aliyeitumia kwa mkono wake aniambie: umenunua ya aina gani, joto linakaaje, na umeme ukikatika unafanyaje?

Kigamboni
Ninayo ya plastiki, mayai 56, inageuza mayai yenyewe. Kariakoo niliipata kwa laki mbili na nusu baada ya kuvutana bei. Mkuu, idadi ya mayai iliyoandikwa kwenye boksi isikusumbue, wewe angalia joto. Mashine yenye feni inatakiwa ikae nyuzi 37.5 hadi 37.8. Yangu ilikuwa inasoma 37.8 muda wote, lakini siku ya 21, ambayo ndiyo ya kutotoa, ikapita kimya. Walianza kudonoa ganda siku ya 22, wa mwisho ya 23, na wengi walifia ndani ya yai. Jirani yangu muuguzi akaniazima kipimajoto cha homa, kile cha kidijitali. Nikakilaza katikati ya trei, ncha ikiwa sawa na mgongo wa mayai, nikafunga mfuniko. Kikasoma 36.9! Karibu nyuzi nzima imepotea na kioo kinakuonyesha mambo safi. Nikapandisha joto kwa tofauti ile ile, na mzunguko uliofuata walitoka siku ya 21. Hicho kipimajoto ni elfu chache tu duka la dawa. Nunua siku hiyo hiyo unayonunua mashine.

Mbeya
Nakazia hapo. Sisi wa Uyole tunaongeza na baridi. Plastiki nyembamba mwezi wa saba hita haipumziki, na umeme wa LUKU unakwenda mbio. Nilipoihamishia chumba cha ndani kisicho na upepo na kuizungushia foma (lile povu gumu jeupe la kufungia vifaa) pembeni, matundu ya hewa nikayaacha wazi, joto likatulia. Kama unakaa sehemu ya baridi, chagua yenye ukuta wa foma hata kama haipendezi machoni.

Nakuru, Kenya
Huku tunaita mashine ya kuangua. Mimi ningekushauri ununue ile inayokubali betri ya volti 12, hata ikikuzidia bajeti kidogo. Stima hupotea usiku ukiwa umelala. Yangu ni ya wati 80, na betri ya ampea-saa 50 hunisukuma kama saa nne hivi bila kuiumiza. Mchana sola inairudishia. Bila betri, usifungue mfuniko kuchungulia. Funika na blanketi, uache hewa ipite. Mayai yaliyokaribia kutotoa yana joto lake, saa mbili tatu hazitayamaliza.

Morogoro (mwenye mada)
Asante sana ndugu zangu. Vipi hizi za kutengenezewa na fundi mtaani?

Dodoma
Ndiyo ninayotumia na siibadilishi. Boksi la mbao, feni ya kompyuta kuukuu, kontrola ya XM-18 (kifaa kinachosimamia joto) na balbu za waya zinazotoa joto, si za LED. Uzuri wake kila kifaa kinapatikana, kikifa unabadilisha mwenyewe. Mwambie fundi aweke balbu mbili, moja ikiungua usiku nyingine ishike. Kabla hujamlipa yote, iwashe tupu usiku kucha, halafu pima joto katikati na kwenye kona zote nne. Kona ikitofautiana na katikati kwa nyuzi nzima, mrudishie asogeze feni.

Singida
Usiwaache mitetea wanaoatamia. Mimi natotolesha kwa mashine, vifaranga nawaingiza chini ya mama usiku, anaamka nao asubuhi kama wake. Inapunguza mkaa wa kuwapa joto.

Tanga
Wengi wanalaumu mashine wakati mayai ndiyo mabovu. Ya kuku wa mayai wa kisasa wasio na jogoo hayana mbegu, hayo ni ya chipsi tu. Jogoo mmoja kwa mitetea kumi, mayai yasizidi siku saba, usiyaoshe. Siku ya 7 yamulike kwa tochi: lenye mishipa ya damu liache, lisilo na kitu ndani toa.

Tena maji. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 55, kuanzia siku ya 18 acha kugeuza na upandishe hadi 65 au 70. Huku kwetu pwani hewa yenyewe imeloa, nikijaza maji mifereji yote miwili ya mashine tangu mwanzo vifaranga wanavimba na kufia ndani wakiwa majimaji. Siku hizi najaza mmoja, wa pili nauongeza siku ya 18. Wakianza kudonoa usifungue, utando unakauka unawabana. Aliyetoka mwache humo mpaka manyoya yakauke, kiini kilichobaki tumboni kinamtosha siku mbili. Bruda (sehemu ya kulelea vifaranga) iwe imeshapata joto tangu siku ya 20.