Mlonge kusafishia maji, mbona yangu yananuka?

mzawa_chanika: Wakuu habari za jioni. Masika hii maji ya kisima chetu yamekuwa kama chai ya maziwa, na boza haliji mpaka barabara ikauke. Jirani kaniambia twanga mbegu za mlonge tia kwenye ndoo, nikafanya, kweli tope likashuka maji yakawa meupe kabisa, nikajaza madumu mawili nikatamba mtaa mzima. Siku ya tatu nafungua dumu, harufu hiyo! Na bi mkubwa keshayanywa. Nimekosea wapi, au hii kitu stori tu?

fundi_bomba: Si stori mkuu. Mbegu ina protini yenye chaji chanya, udongo una chaji hasi, vinashikana vinakuwa mabonge yanazama, kazi ileile ya shabu, lile jiwe la kushusha tope. Sudan akina mama wa kando ya Nile wanatumia tangu zamani. Kosa lako ni kuyaweka siku 3, mabaki ya mbegu yanabaki majini, wadudu waliopona wanapata msosi wa bure. Mwisho siku moja.

mama_mapacha: Umetia ngapi kwanza? Mi ndoo ya lita 20 naanza na punje 10 zilizomenywa, tope likiwa zito naongeza. Chukua zilizokaukia mtini ganda likawa kahawia, zile za kijani unajisumbua. Twanga muda huohuo, tia kwenye chupa na maji masafi kidogo, tikisa, chuja na kipande cha kanga ndo umimine kwenye ndoo. Koroga haraka dakika 1 halafu taratibu kama uji wa mgonjwa dakika 5 mpaka 10, funika usiguse saa moja au mbili, teka ya juu.

mzawa_chanika: Duh mi nilimwaga unga wote bila kuchuja, nikakoroga mara moja nikaenda kibandani kuangalia mpira 😂 Sasa yakitulia nakunywa?

fundi_bomba: Weee, chemsha! Wadudu wengi wanazama na tope ila sio wote. Au tia dawa ya klorini, yakishatulia ndo itafanya kazi maana kwenye maji ya tope inaishia kupigana na uchafu.

kaka_mbagala: Kisima changu meupe ila chumvi tupu, mlonge utasaidia?

mama_mapacha: Hautoi chumvi kaka, hiyo imeshayeyuka, mlonge unashika kinachoelea.

mzawa_chanika: Shukrani wakuu. Bi mkubwa mzima, kashakwanyua majani ya huo mlonge kapika na nazi.